Kulikoni Mfereji Wetu?

Wahenga walinena kwamba haba na haba hujaza kibaba. Naam, lakini nadhani hawakuwahi kungojea jerikeni ijae pale kwetu saa kumi na moja asubuhi, huku wakijua kuwa kengele ya shule haimngoji mtu.

Kwa muda wa mwaka mzima hivi, mfereji wetu wa jikoni ulikuwa ukitoa maji membamba kama uzi. Mama aliamini kwamba jirani yetu wa upande wa juu anatuibia maji kwa pampu, maana kila jioni tuliisikia ikinguruma. Salamu zikakatika. Hata mimi nilimpita njiani kama simwoni. Leo naandika nikiwa na haya kidogo.

Kwanza tuelewane juu ya presha, au shinikizo kama mwalimu wetu asemavyo. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a, lililokamilika mwaka wa 1994. Bwawa hilo liko juu kuliko jiji, basi maji huteremka kwa uzito wake yenyewe. Kila mita 10 za kimo cha maji hutoa presha ya baa 1 hivi (hiki ni kipimo, si ile baa ya vinywaji!). Njiani presha hiyo huliwa na mambo mawili: kupanda mlima, na msuguano ndani ya paipu. Asubuhi kila mtu akifungua mfereji, maji hukimbia kasi katika paipu kuu, msuguano nao huzidi. Sisi tunaoishi mlimani ndio hukosa kwanza. Usiku wa manane watu wakilala, presha hurudi.

Jumamosi moja nilichukua jerikeni ya lita 20 na saa ya mkononi. Kwenye mfereji wa nje, ulio karibu na mita, jerikeni ilijaa kwa dakika 2. Nikakimbia jikoni mara moja, nikapima tena huku mifereji mingine imefungwa. Dakika 8! Yaani nje lita 10 kwa dakika, jikoni lita 2 na nusu tu.

Hapo nikashangaa. Kama jirani angekuwa ndiye mwizi, maji yangekuwa haba hata pale kwenye mita. Nikafunga mifereji yote nikaitazama mita. Haikusogea ng'o! Kwa hivyo hapakuwa na paipu inayovuja. Maji yalikuwepo, ila kuna kitu ndani ya boma letu kilichokuwa kikiyazuia.

Fundi alipokuja alikuta mambo mawili. Valvu ya kufungia maji ilikuwa imefunguliwa nusu tu, labda tangu zamani. Tena paipu ya kwenda jikoni ilikuwa ya chuma, ya nusu inchi, na kutu ilikuwa imejaa ndani hata penseli ilipita kwa shida. Jambo hili watu wengi hawalijui: tundu la paipu likipungua upana kwa nusu, maji hayapungui kwa nusu. Hupita chini ya robo!

Fundi hakuwa na spana kubwa ya paipu. Basi nani akatumwa kwa jirani kuiazima? Mimi! Huko nikaiona ile pampu kwa macho yangu. Haikuunganishwa na paipu kuu hata kidogo. Ilivuta maji kutoka tangi la chini, ambalo hujaa lenyewe usiku, na kuyapandisha kwenye tangi la juu. Hiyo ni njia nzuri. Kosa ni kuunganisha pampu moja kwa moja na paipu kuu, kwa maana huwanyima wengine, na yaweza kufyonza uchafu kupitia nyufa za paipu.

Tulitia paipu ya plastiki ya robo tatu inchi na kufungua valvu yote. Sasa jerikeni hujaa jikoni kwa dakika 3. Lakini mchana wa mgao bado ni shida, kwa hivyo mama alinunua tangi la lita 500 kwa pesa za chama. Kumbukeni, likijaa lina uzito wa nusu tani, kwa hivyo stendi iwe imara. Kabla ya kulipandisha, usiku niliinua mpira wa maji juu ya ngazi nione maji yanafika kimo gani. Yalivuka mita 3. Tangi haliongezi presha ya kampuni. Hutuwekea ile ya usiku tuitumie mchana. Mita 3 hutupa kama baa 0.3. Ni kidogo, lakini ndoo hujaa.

Kwa hivyo, mwenzangu, maji yakipungua kwenu, pima penye mita, pima ndani, tazama kama mita inazunguka, kagua valvu na paipu. Penye mita yakiwa haba pia, hapo ndipo uulize majirani kama nao wamekosa, kisha muipashe kampuni habari.

Na spana je? Mama aliirudisha mwenyewe. Alikaa huko hadi kikombe cha pili cha chai. Pima kwanza, ndipo ulaumu. Kwaherini.