Kiti Kinacholala na Kiti Kinacholalika



Katika zoezi moja la tafsiri tuliwapa wanafunzi wetu tangazo la shirika la ndege lililosema kwamba viti vya daraja la biashara vimebadilishwa, na sasa vinageuka vitanda. Wengi waliandika "viti vinavyolala". Wachache waliandika "viti vya kulalia". Mjadala uliofuata ulitukumbusha kwamba mtu hawezi kutafsiri vizuri kitu asichokijua. Kwa hiyo tumeona tueleze kwanza viti vyenyewe, kisha turudi kwenye maneno.

Katika daraja la kawaida, umbali kutoka kiti kimoja hadi cha mbele yake ni kama sentimita 80. Mtu mzima akitaka kujinyoosha anahitaji karibu mita 2. Hapo ndipo penye kazi: kila kitanda kinakula nafasi ya viti kadhaa, na nafasi ndani ya ndege ni fedha.

Mashirika mengi yalitumia kwanza viti ambavyo mgongo na sehemu ya miguu vilinyooka vikawa mstari mmoja, lakini mstari huo uliinama kuelekea sakafuni. Abiria alilala kwenye mteremko, akawa anateleza usiku kucha. Mwaka 2000, British Airways ilileta katika daraja la biashara kiti kinachonyooka nyuzi 180, sambamba na sakafu. Ili kuokoa nafasi, viti vingine vilitazama mbele na vingine nyuma. Mwaka 2003, Virgin Atlantic ilipanga viti vyake mshazari, kama mifupa ya samaki inavyotoka kwenye uti wa mgongo. Mpango mwingine unaotumika sana ni wa kupishanisha viti, ili miguu ya abiria iingie chini ya kimeza kilicho kando ya kiti cha mbele.

Kwa nini mashirika yanajitia gharama hizo? Abiria wa daraja hili ni wachache, lakini nauli yao ni mara kadhaa ya ile ya kawaida, na wengi husafiri usiku ili asubuhi waingie kazini. Shirika likibaki na viti vya mteremko wakati mshindani wake ana vitanda, huwapoteza. Hapa kwetu, ndege za Airbus A330-800 ambazo Uganda Airlines ilianza kuzipokea Desemba 2020 zina viti 258. Kati ya hivyo, 20 tu ni vya daraja la biashara, navyo hunyooka kuwa vitanda.

Sasa turudi darasani. Kitenzi "lala" kina maana ya kupatwa na usingizi, na pia ya kuwa chini badala ya kusimama, kama tusemavyo mti umelala barabarani. Kwa hiyo "kiti kinacholala" kinaeleza umbo tu. Hata kile cha mteremko kinalala. "Kiti cha kulalia" kinaeleza matumizi, lakini hakisemi kama usingizi utapatikana. Kauli ya kutendeka inatusaidia zaidi. Tunaposema "kitanda hiki hakilaliki", tuna maana kwamba kitanda kipo na kimetandikwa, ila mtu hapati raha juu yake. Basi kiti cha mteremko kinalala lakini hakilaliki. Cha nyuzi 180 kinalalika.

Kwa tangazo, tunapendekeza "kiti kinachonyooka kabisa kuwa kitanda". Neno "mteremko" litumike kwa kiti kinachoinama, na "mshazari" kwa namna viti vinavyopangwa. Wanafunzi wasichanganye mawili haya, kwa sababu kiti kilichopangwa mshazari kinaweza kunyooka kabisa.

Jambo hili si la ufundi wa maneno peke yake. Msomaji wa tangazo anaweza kuwa mtu aliyechanga fedha na ndugu zake ili mama yao mgonjwa aende India kutibiwa akiwa amelala chali. Mfasiri akiuficha mteremko, atakayeumia ni mama huyo.

Tunawaomba walimu wenzetu walijaribu zoezi hili darasani na kutuletea istilahi zao kwa ajili ya toleo lijalo.