Ukengeushi, Utengwa na Ukiwa katika Riwaya

Wahakiki wa Kiswahili hulitumia neno "ukengeushi" kila wanapokutana na mhusika mpweke, na aghalabu huliambatisha na "udhanaishi", yaani falsafa ishikiliayo kwamba mtu hazaliwi na maana iliyokwisha kupangwa, bali hujiundia maana hiyo kwa matendo yake. Makala haya yanachunguza kama neno hilo moja linatosha.

Ukengeushi hutokana na "kengeuka", yaani kuiacha njia. Neno lenyewe basi humtwika mhusika lawama: njia ilikuwapo, naye ameiacha. Maana hiyo haiafiki "Invisible Man" (1952) ya Ralph Ellison. Msimulizi wake, Mmarekani mweusi, hakuiacha njia yo yote. Ni jamii inayokataa kumwona. Hali yake ni utengwa.

Kazimoto, katika "Kichwamaji" (1974) ya Euphrase Kezilahabi, yu karibu zaidi na ukengeushi. Elimu ya chuo kikuu imemwondoa katika imani za wazee wala haikumpa nyingine ya kuishikilia, mwishowe anajiua.

Sura ya tatu inatoka Ukambani. David Maillu alizaliwa mwaka 1939 huko Kilungu, wakati huo sehemu ya Wilaya ya Machakos. Katika "Unfit for Human Consumption" (1973) anamchora mfanyakazi wa ofisini Nairobi anayeumaliza mshahara kwa pombe na wanawake, hali jamaa zake wako kijijini. Ni rahisi kumwita mkengeufu. Hata hivyo, kabla ya ulevi palikuwa na utaratibu wa kazi uliomweka mume mjini na kumwacha mke shambani. Tena mtu huyu hakukosa maana ya maisha. Anaijua, nayo ni kuilisha nyumba yake. Kinachomla ni kushindwa kuitimiza.

Neno limfaalo ni ukiwa. Mkiwa ni mtu aliyepungukiwa na watu wake, na katika riwaya hii mke naye ni mkiwa. Udhanaishi humtazama mtu mmoja. Ukiwa huwahesabu wote waliopoteana.

Vitabu vya Maillu vilishutumiwa kwa uchafu, na Tanzania ilivipiga marufuku mwaka 1976. Mhakiki aliye na neno "ukengeushi" pekee hana budi kukubaliana na hukumu hiyo. Aliye na maneno matatu aweza kwanza kuuliza: ni nani aliyeiacha njia, ni nani aliyefukuzwa, na ni nani anayengojwa nyumbani?