Mahandaki ya Zege Katika Mchanga wa Jutland

Pwani ya magharibi ya Jutland, rasi kuu ya Denmark, ina vilima virefu vya mchanga vilivyoota nyasi ngumu, na ndani ya vilima hivyo yamejificha mahandaki ya zege ya Vita vya Pili vya Dunia. Ni kipande cha Ukuta wa Atlantiki, mlolongo wa ngome ulioanzia kaskazini mwa Norway hadi mpaka wa Ufaransa na Hispania. Hitler aliamuru pwani hizo ziimarishwe Machi 1942, akihofia Waingereza na Wamarekani wasije wakashusha majeshi. Kuuita ukuta kulikuwa propaganda zaidi, kwa maana kati ya ngome na ngome mara nyingi palikuwa na seng'enge na mabomu ya kutegwa tu.

Ujerumani ilikuwa imeivamia Denmark tangu 9 Aprili 1940, na kazi ya kumwaga zege ilifanywa kwa kiasi kikubwa na makampuni na vibarua wa huko huko, kwa malipo. Michoro ilikuwa ya aina moja kila mahali, kila mchoro na namba yake. Namba 622, kwa mfano, ilikuwa handaki la kulala askari 20, lenye kuta na dari za unene wa mita mbili. Anayejua michoro hiyo hutambua handaki lilikuwa la nini kabla ya kuingia ndani. Mlango huwa upande wa nyuma, mbali na bahari, na karibu yake pana tundu la bunduki la kumlenga anayekuja. Shimo la duara darini, lililo wazi juu, lilikuwa la mshika bombomu. Aina hiyo huitwa Tobruk, kwa jina la mji wa Libya uliopiganiwa vikali katika vita hivyo.

Ngome kubwa kuliko zote nchini Denmark ilikuwa Hanstholm, kaskazini-magharibi. Mizinga yake minne ya kipenyo cha sentimita 38 iliweza kufikisha kombora umbali wa kilomita 55 hivi, na mingine kama hiyo ilikuwa ng'ambo ya mlango wa bahari, karibu na Kristiansand, Norway. Eneo la katikati ya mlango huo wa bahari, ambalo makombora hayakufika, lilitegwa mabomu ya majini. Uvamizi uliongojewa haukutokea hapo. Ulitokea Normandy, Juni 1944.

Baada ya vita, mchanga ulifukia mahandaki mengi kimyakimya. Mwaka 2008 dhoruba iliufagia mchanga huko Houvig, na yakaonekana mahandaki ambayo hayakuwa yameguswa tangu 1945, yakiwa na fanicha, zana, chupa, hata kiko chenye tumbaku. Katika mahandaki mengine, kwa kawaida waokota vyuma walikuwa wamekwisha kubeba kila kitu.

Bahari nayo inaila pwani hii. Mahandaki yaliyojengwa juu ya vilima sasa yamelala ufukweni au majini, yameinama, kwa kuwa mawimbi huchimba mchanga chini yake huku zege lenyewe likibaki zima. Nondo zilizochomoza huwachoma waogeleaji, na ndiyo maana baadhi yamevunjwa na kuondolewa. Huko Blåvand, mwaka 1995 msanii Mwingereza Bill Woodrow aliyawekea machache vichwa na mikia ya chuma yakawa nyumbu (baghala), mnyama asiyezaa. Hakuna dhihaka ya vita iliyo bora zaidi ufukweni hapo.

Mabomu ya ardhini yalikuwa kisa kingine. Yalikuwa takribani milioni 1.4, na baada ya Mei 1945 askari wa Kijerumani walioshindwa ndio walioamriwa kuyategua; wengi waliuawa au kulemazwa. Rasi ya Skallingen ilitangazwa kuwa salama mwaka 2012 tu.

Leo Hanstholm ni makumbusho, na Blåvand yapo makumbusho ya Tirpitz, yaliyofunguliwa 2017 na kuchimbwa mchangani kando ya ngome isiyokamilika. Mahandaki mengine yako wazi bila mlinzi. Anayeingia huhitaji tochi na viatu vigumu, na yaliyoinama hutazamwa kwa nje.