Kilo za mimba baada ya upasuaji wa kupunguza uzito: Ni haki ya mtoto, si hasara ya mama

Leo tunazungumzia jambo ambalo miaka kumi iliyopita lisingekuwa na msomaji wa kulihitaji hapa Kihanga. Leo linazihusu baadhi ya nyumba zetu, na kesho litazihusu nyingi zaidi.

Ni khofu ya mwanamke aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, akapungua kwa tabu na kwa gharama kubwa, kisha Allah akamruzuku mimba, na mzani ukaanza kupanda tena. Dada huyu anaona kila kilo kama hatua ya kurudi alikotoka. Wapo wanaoanza kula kidogo makusudi, na wapo wanaoukwepa mzani wa kliniki. Wapo pia wanaosikia nyumbani maneno kwamba fedha ya upasuaji imepotea bure. Mwandishi wa makala hii ni katibu wa kamati ya msikiti, si daktari. Yale ya tiba yaliyomo humu ni yale ambayo madaktari wamekubaliana, nayo yanahitaji kuthibitishwa na daktari anayemhudumia mama mwenyewe.

Karagwe na unene

Sisi watu wa Karagwe tuna historia yetu katika suala hili. Mwishoni mwa mwaka 1861 wasafiri wa Kiingereza, John Hanning Speke na James Grant, walifika kwenye makazi ya Mukama Rumanyika. Katika kitabu alichochapisha mwaka 1863, Speke alieleza alivyowakuta wanawake wa jamaa ya mfalme wamenenepeshwa kwa maziwa hadi hawawezi kusimama wenyewe. Alimpima mmoja wao mikono, kifua na mapaja. Alisimulia pia kuhusu binti aliyekuwa akinyweshwa maziwa huku baba yake ameshika fimbo.

Yule alikuwa mgeni anayetazama kwa macho ya kigeni, lakini kiini cha habari hakikanushiki. Unene wa mwanamke ulikuwa heshima ya mumewe na dalili ya neema ya zizi lake. Leo upepo umegeuka. Shinikizo la damu, kisukari na maumivu ya magoti yamewafundisha watu kwamba unene uliopindukia ni maradhi, na picha za simu zimewafundisha mabinti kwamba wembamba ndio uzuri. Ukitazama vizuri, katika zama zote mbili mwili wa mwanamke umepimwa kwa macho ya watu wengine. Uislamu unatutaka tuupime kwa amana: mwili ni amana ya Allah, na mimba iliyomo ni amana ndani ya amana.

Upasuaji wenyewe na hukumu yake

Zamani aliyetaka tiba hii alisafiri kwenda India au Afrika Kusini. Katika miaka ya karibuni, Hospitali ya Taifa Muhimbili, Mloganzila, jijini Dar es Salaam, imeanza kutoa huduma ya kuweka puto tumboni pamoja na upasuaji wa kupunguza uzito. Kutoka kwetu ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000, lakini wapo wanaokwenda.

Upasuaji unaofanywa zaidi ni wa aina mbili. Wa kwanza hukata sehemu kubwa ya tumbo la chakula likabaki kama mfereji mwembamba. Wa pili hutengeneza kijitumbo kidogo na kukiunganisha na utumbo wa mbele, chakula kikapita njia ya mkato. Katika aina zote mbili mtu hushiba upesi, na katika ile ya pili hasa, mwili hunyonya virutubisho vichache zaidi. Puto ni jambo jingine. Huwekwa kwa muda na kuondolewa, na halitakiwi kuwamo tumboni wakati wa mimba. Mwenye puto akihisi ana mimba awahi hospitali.

Ama hukumu ya kisheria, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, lilijuzisha kupunguza uzito kwa njia za kitabibu, ukiwemo upasuaji, pale ambapo uzito umefikia kuwa maradhi, hakuna njia nyingine isipokuwa hiyo, na pana amani ya kutodhurika. Kwa hiyo dada aliyetibiwa kwa masharti hayo asiambiwe kwamba amebadilisha maumbile ya Allah. Amejitibu, na kujitibu ni katika mafundisho ya Mtume (SAW).

Kungoja ni sehemu ya tiba

Madaktari wengi hushauri mwanamke angoje miezi 12 hadi 18 baada ya upasuaji kabla ya kushika mimba. Hicho ndicho kipindi ambacho mwili unapungua kwa kasi na akiba yake ya vitamini ni ndogo. Wanandoa wengi hawategemei kwamba uzazi hurudi haraka. Mwanamke aliyekaa miaka bila kushika mimba kwa sababu ya uzito anaweza kuipata miezi michache tu baada ya kupungua. Tena vidonge vya uzazi wa mpango vinaweza visinyonywe vizuri baada ya upasuaji wa njia ya mkato, hivyo mume na mke wamuulize daktari njia nyingine inayofaa.

Na kama mimba imeingia mapema, dada asikate tamaa, wala asisikilize ushauri wowote wa kuitoa. Anachohitaji ni kufuatiliwa kwa karibu zaidi.

Kilo hizo zinakwenda wapi?

Hapa ndipo penye dawa ya khofu. Mjamzito aliyeongezeka kilo 12 hadi 13 hakuongezeka mafuta ya kilo 12. Mtoto mwenyewe huchukua kilo 3 na zaidi. Kondo la nyuma ni kama robo tatu ya kilo, na maji anamoogelea mtoto yanakaribia kilo moja. Mji wa mimba uliotanuka ni kama kilo moja, matiti hupata karibu nusu kilo au zaidi, na damu iliyoongezeka pamoja na maji ya mwilini ni kiasi cha kilo 3. Kinachobaki, kama kilo 3 hivi, ndicho mafuta, nayo ni akiba ya kunyonyeshea.

Basi sehemu kubwa ya uzito ule ni nyumba ya mtoto na chakula chake, na nyingi ya kilo hizo huondoka siku ya kujifungua na wiki zinazofuata. Kuzizuia kwa njaa ni kumpunja asiyeweza kujisemea.

Khofu hiyo ina uzito pia kwa mujibu wa utafiti. Mwaka 2015 watafiti wa Sweden walichapisha matokeo ya mimba 596 za wanawake waliokwishafanyiwa upasuaji huu, wakawalinganisha na wanawake waliokuwa na unene kama wao wa awali ambao hawakupasuliwa. Waliopasuliwa walipata kisukari cha mimba kwa asilimia 1.9, wenzao asilimia 6.8. Hiyo ni neema kubwa. Lakini watoto waliozaliwa wadogo kuliko umri wao wa mimba walikuwa asilimia 15.6 kwa waliopasuliwa, na asilimia 7.6 kwa wenzao. Maana yake ni kwamba upasuaji humkinga mama na hatari moja, kisha humtaka awe macho kwa hatari nyingine, nayo ni mtoto kukosa lishe. Mama anayejinyima chakula anaizidisha hatari hiyohiyo.

Aongezeke kiasi gani?

Kipimo huangalia uzito wake wa kabla ya mimba hii, si ule wa kabla ya upasuaji. Chukua kilo, gawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mwenye kilo 70 na urefu wa mita 1.60 atapata 27 na kidogo. Kwa kipimo kinachotumika sana duniani tangu mwaka 2009, mwenye kati ya 18.5 na 24.9 huongezeka kilo 11.5 hadi 16. Mwenye kati ya 25 na 29.9, kama huyu wa mfano wetu, huongezeka kilo 7 hadi 11.5. Mwenye 30 na zaidi huongezeka kilo 5 hadi 9. Mizani ikisimama au ikishuka katika miezi ya kati na ya mwisho, hilo si la kushangilia. Ni la kumweleza mkunga siku hiyohiyo.

Sahani, vidonge na kliniki

Tumbo dogo halibebi sahani kubwa ya ndizi. Mama ale mara tano au sita kwa siku, kidogo kidogo, aanze na kitoweo ndipo afuatishe wanga. Ardhi yetu haikutunyima: maharage, mayai, maziwa, karanga, samaki na dagaa wa Ziwa Victoria, senene kwa msimu wake. Anywe maji katikati ya milo, si pamoja na chakula. Chai ya sukari nyingi, juisi na halua vinaweza kumletea kutetemeka, jasho na moyo kwenda mbio, kwa sababu sukari hushuka kwa kasi kwenye utumbo.

Vidonge ni vya lazima kwake, si vya hiari: foliki asidi, madini ya chuma, vitamini B12, vitamini D na kalisiamu, kwa kipimo cha daktari. Chuma na kalisiamu visimezwe pamoja. Viachane saa mbili. Wala chuma kisisindikizwe na chai au kahawa, hata kama ni kahawa ya shamba letu wenyewe, kwani huzuia kunyonywa kwake. Vitamini A ya vidonge asimeze bila kuuliza, kwa kuwa aina yake mojawapo ikizidi humdhuru mtoto.

Kisha, aseme kliniki kwamba amepasuliwa. Wapo wanaoficha kwa haya. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na hapa msemo umekaa mahali pake. Mhudumu asiyejua anaweza kumnywesha maji ya sukari ya kupimia kisukari cha mimba, kumbe mwili wake hauyahimili, ilhali ipo njia nyingine ya kupima sukari kwa tone la damu kwa siku kadhaa. Akitapika bila kukoma, au akipata maumivu makali ya tumbo, asinyweshwe mitishamba wala kuambiwa ni mambo ya mimba. Utumbo unaweza kuwa umejinyonga ndani. Apelekwe Nyakahanga usiku huohuo, na wa huko wakiona haja watampeleka mbele.

Swaumu

Qur'ani, katika Suratul Baqara aya ya 184 na 185, imempa mgonjwa na msafiri ruhusa ya kufungua na kulipa, na Hadithi iliyopokelewa na Tirmidhi na wengineo imemtaja mjamzito na mnyonyeshaji katika rukhsa hiyo. Mwenye tumbo lililopunguzwa hawezi kufidia kati ya magharibi na alfajiri maji na chakula vya mchana mzima. Hilo ni jambo la hesabu, si la udhaifu wa imani. Kwa madhehebu ya Imam Shafii, akifungua kwa kuhofia nafsi yake, au nafsi yake pamoja na mtoto, atalipa siku zake tu. Akihofia mtoto peke yake, atalipa na kutoa fidia ya kibaba cha chakula kwa kila siku. Asione haya kula mchana wa Ramadhani ndani ya nyumba yake. Aliyempa faradhi ndiye aliyempa ruhusa.

Kwa waume, mama wakwe na mashangazi

Mume aliyeuza kahawa ya misimu miwili kugharimia upasuaji asihesabu kilo za mkewe mjamzito. Alinunua afya ya mkewe, na mtoto huyu ni tunda la afya hiyo. Mama mkwe na shangazi nao, kwa mapenzi yao, wasimlazimishe kumaliza bakuli la ndizi wala la maziwa. Akisema ameshiba, ameshiba. Kumkejeli kwa kunenepa na kumshurutisha kula ni makosa mawili yanayotoka mlango mmoja, mlango wa kuusemea mwili usio wako.

Baada ya kujifungua anyonyeshe. Suratul Baqara aya ya 233 imetaja miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza, na kunyonyesha husaidia akiba ile ya mafuta kutumika. Aendelee na vidonge, kwani akikosa B12 maziwa yake nayo hupungukiwa. Katika arobaini asianze kujinyima. Mwili uliotumia miezi tisa kujenga usidaiwe kubomoa kwa wiki sita. Ikiwa baada ya miezi kadhaa uzito haujashuka, arudi kwa madaktari wake bila aibu. Kazi yao haikuisha siku ya kutoa nyuzi.

Suratu Luqman aya ya 14 inatukumbusha kwamba mama hubeba mimba kwa udhaifu juu ya udhaifu. Dada aliyepitia kisu kabla ya mimba amebeba udhaifu wa tatu. Haki yake kwetu ni kumpunguzia, tusimwongezee neno.

Allah (SW) awajaalie kina mama wetu siha, awape wajawazito wote wepesi wa kujifungua, na awafanye watoto wao kuwa kitulizo cha macho. Wabillahi tawfiq.