Watu wa Rhodes Walioenda Kuuza Samaki Seattle



Aliyefika Lubumbashi ameona sinagogi, ile nyumba ya sala ya Wayahudi iliyojengwa wakati wa Wabeleji. Wengi waliosali mule walitoka Rhodes, kisiwa kilicho karibu na Uturuki. Leo tunapenda kueleza habari za ndugu zao walioshika njia ingine, mpaka Seattle, mji wa bandari katika jimbo la Washington, kaskazini-magharibi ya Marekani.

Wa kwanza kufika hawakuwa wa Rhodes. Walikuwa vijana wawili wa kisiwa cha Marmara, Solomon Calvo na Jacob Policar, mwaka 1902. Nessim Alhadeff wa Rhodes akafuata 1904. Kazi gani? Samaki! Wengine walisugua viatu vya watu barabarani, ao kuuza matunda. Soko la Pike Place lilipofunguliwa mwaka 1907, wakapata meza mule. Kijana akiisha kuweka dola chache, anaandikia mdogo wake aje, kisha wanaita na mchumba. Ni vile vile baba zetu walivyoitana kwenda kazi ya machimbo.

Lakini shida kubwa haikuwa mfuko. Seattle ilikuwa na Wayahudi wengine, waliotoka Ulaya ya mashariki na kusema Kiyidi. Hawa wageni walisema Ladino, ni kusema Kihispania cha zamani, maana mababu zao walifukuzwa Hispania mwaka 1492. Miaka mia ine na zaidi, na luga ya waliowafukuza ingali kinywani mwao! Basi wenyeji wakawa na mashaka: Myahudi gani huyu asiyejua Kiyidi? Majina yao pia yalikuwa mageni. Sala za Kiebrania ndizo zilizowatetea, kwa sababu zile wote walizijua.

Hata hivyo hawakukaa pamoja. Watu wa Rhodes walijifanyia sinagogi yao, Ezra Bessaroth, na wale wa Uturuki yao, Bikur Holim. Tunaona ni ajabu kidogo: watu waliokataliwa kwa sababu ya luga, nao wakagawanyika kwa sababu ya kisiwa.

Mwaka 1924 Marekani ikatoa sheria mpya ya wageni. Kwa Uturuki nzima iliruhusu watu 100 tu kwa mwaka. Mlango ukafungwa karibu kabisa, na wengi wa Rhodes wakatazama Afrika: Kongo, na Rodezia.

Waliobaki kisiwani walipatwa na Wajerumani. Katika Julai 1944 zaidi ya watu 1.600 walikamatwa na kupelekwa Auschwitz. Waliookoka ni kama 150. Toka hapo sala za namna ya Rhodes zikasikika zaidi katika miji ya mbali kuliko Rhodes yenyewe. Ezra Bessaroth ya Seattle ingali inafunguliwa hata leo.