Kidonda cha panya si kidonda cha mtu

Siku hizi zinauzwa krimu na sindano za peptidi, yaani vipande vidogo vya protini, kwa madai kwamba zinaponya kidonda ndugu. Nyingi ushahidi wake ni wa panya.

Ngozi ya panya imelegea, hivyo kidonda chake hujifunga upesi kwa kingo kuvutana. Cha binadamu hutegemea zaidi nyama na ngozi mpya kuota, na kisukari huchelewesha kazi hiyo.

Mfano upo. Mwaka 1987 Dk. Michael Zasloff wa Marekani aligundua katika ngozi ya chura peptidi zinazoua vijidudu, akaziita magainini. Kutokana nazo ikabuniwa krimu ya peksiganani, inayotengenezwa maabara bila kuua chura, nasi twajua kuwa Mtume (s.a.w.) alimkataza tabibu kumuua chura kwa ajili ya dawa. Hata hivyo, mwaka 1999 Marekani haikuiidhinisha krimu hiyo kwa vidonda vya miguu vya kisukari, na majaribio ya 2016 hayakuonesha kuwa inaishinda krimu isiyo na dawa.

Basi tusidanganyike. Mwenye kisukari akague nyayo zake kila siku, na wakati wa udhu ni fursa nzuri. Akaushe katikati ya vidole, asitembee pekupeku, na akiona kidonda, hata kidogo kisichouma, awahi hospitali. Kuchelewa huweza kugharimu mguu. Wallahu a'lam.