Saruji Inapoua Ukuta wa Kale

Visima vya kale vya Wajir vimechimbwa katika mwamba wa chokaa. Mwamba huo na matumbawe ya Lamu ni ndugu: vyote, vikichomwa kwa moto wa nyuzi joto 900 hivi, vyatoa chokaa. Pwani, matumbawe hupangwa juu ya magogo yakawashwa moto, kisha chokaa huzimwa kwa maji na kuachwa ikae. Fundi mwenye haraka hangoji. Hununua mfuko wa saruji akaziba ufa wa msikiti.

Hapo ndipo balaa. Saruji ina nguvu kuliko jiwe la matumbawe, na nguvu hiyo ndiyo ubaya wake. Jiwe lina vitundu vingi, hufyonza maji ya ardhini pamoja na chumvi. Lipu ya chokaa nayo ina vitundu, basi unyevu hupenya ukakaukia nje. Saruji huziba njia. Chumvi hugandia ndani ya jiwe na kulila, hata nakshi za mihirabu zikawa unga mkononi. Lipu ikichakaa hupakwa nyingine. Nakshi je?

Kweli, chokaa haina haraka: hugeuka tena jiwe kwa kuvuta hewa ya kaboni, kazi ya miezi. Kipimo cha kawaida ni sehemu 1 ya chokaa kwa 3 za mchanga, nao wa pwani uoshwe chumvi kwanza. Kaskazini tahadhari ni ya maji, maana visima vingi vya Wajir ni vya chumvi. Fundi na ayaonje kabla hajachanganya.